Kopo Lisilofunguliwa

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Majengo, wanawake walipanga madebe yao mbele ya bomba la Baraza la Jiji. Bomba lilikuwa moja na watu walikuwa wengi. Maji yalitoka kidogo kidogo, lakini maneno yalitoka kwa wingi. Aliyetaka habari za Nairobi mwaka ule wa 1957 hakuhitaji gazeti. Alihitaji debe tu.

Salme binti Omari alisimama kwenye foleni, mwanawe Abdurahim kiunoni. Mtoto alikuwa na miezi minane. Mashavu yake yalijaa, na mapaja yake yalikuwa na mikunjo.

"Mama Abdurahim," aliuliza jirani yake Anyango, "huyu mtoto unampa nini?"

"Ni Mungu tu, jirani," alijibu Salme. Akamfunika mtoto kwa kanga.

Anyango alikuwa mpangaji katika nyumba aliyokaa Salme. Chumba chake kilitazamana na cha Salme. Mumewe, Phares, alifanya kazi ya reli na alikuwa safarini mara nyingi. Anyango alikuwa na binti wa miezi mitatu, jina lake Kezia, mtoto wa kwanza. Hakuwa na mama wala shangazi karibu wa kumwelekeza. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Hakukuwa na uchawi wowote katika unono wa Abdurahim. Salme alimnyonyesha. Tangu alipofikisha miezi sita alimpa pia uji wa wimbi, ndizi ya kupondwa, na mbaazi zilizochujwa. Basi. Lakini mama yake Salme, mtu wa Lamu, alimfundisha hivi: mtoto akinona, usitaje anachokula. Ukikitaja, wenye husuda watakitia jicho, na chakula kitageuka maradhi. Kwa hiyo Salme alificha. Mimi ninayesimulia nimewaona akina mama wengi wakificha hivyo hivyo, na nilikuwa nikicheka tu. Siku hizi sicheki.

Mwezi wa tatu mwaka ule, kabla ya Ramadhani, kulikuwa na mashindano ya watoto wenye afya katika ukumbi wa mtaa. Nesi Benta wa zahanati ya watoto aliwapima wote kwa mizani. Abdurahim alishinda. Watu walipiga makofi, na Salme akapewa blanketi.

Kisha akaja mtu mwenye suti nyeupe. Aliitwa Haidari, na kazi yake ilikuwa kutangaza bidhaa za kampuni moja ya mjini. Alimpa Salme kopo zuri la buluu lenye picha ya taji la dhahabu.

"Haya ni Maziwa ya Taji, Bibi," alisema. "Maziwa ya unga kwa watoto. Bado hayajafika madukani. Wewe ndiye wa kwanza kulishika kopo hili. Hebu lishike vizuri, tupige picha ya kumbukumbu."

Mtu akikupa zawadi hadharani, utaikataaje? Salme alilishika. Picha ikapigwa. Haidari akatoa karatasi iliyoandikwa Kizungu.

"Tia saini hapa. Ni kwa ajili ya picha tu. Unajua kusoma, sivyo?"

Wanawake wote walikuwa wakimtazama. Mtaani Salme alijulikana kuwa msomi. Alihitimu chuo cha Kurani, na aliwaandikia majirani barua zao kwa herufi za Kiarabu. Lakini herufi za Kizungu hakufundishwa hata moja. Angesemaje mbele ya watu kwamba hajui?

"Najua," alisema. Akashika kalamu, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko mzuri. Haidari alikunja karatasi na kutabasamu.

Nyumbani Salme aliliweka kopo katika kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma. Lilipendeza mno. Hakulifungua.

Ramadhani ikapita, na Idi ikapita. Alasiri moja Salme alikuwa akichuja mbaazi barazani. Akasikia sauti kubwa kutoka kwenye kipaza sauti. Gari la matangazo lilikuwa likija polepole, na watoto wakilikimbilia.

"Akina mama wa Majengo! Akina mama wa Shauri Moyo!" Ilikuwa sauti ya Haidari. "Mnamjua Bibi Salme, mama wa mtoto mshindi? Sikilizeni maneno yake mwenyewe! Asema: Mwanangu nimemlea kwa Maziwa ya Taji! Titi langu halikutosha, lakini Taji lilitosha!"

Chujio lilimwanguka Salme mkononi. Ubavuni mwa gari palikuwa na bango kubwa. Sura ilikuwa yake. Mtoto alikuwa wake. Maneno hayakuwa yake.

Alikwenda mbio mpaka pembeni mwa barabara, kwenye duka dogo la mumewe, Mahmud. Mlangoni palikuwa na bango lile lile. Gundi ilikuwa bado mbichi.

"Wamenizulia!" alisema Salme. "Mimi titi langu halikutosha? Sijampa mtoto hata kijiko kimoja cha maziwa yao!"

"Sema polepole, mke wangu, kuna wateja," Mahmud alinong'ona. "Ni maneno ya biashara tu. Nani anayeamini tangazo neno kwa neno?"

"Mimi ningeliamini, kama ni jirani yangu anasema."

"Sikiliza. Tangu katoni ya kwanza ifike, haya maziwa hayakai rafuni. Na Bwana Haidari ameniahidi jambo. Mwezi ujao atafanya mkutano ukumbini. Ukisimama ukasema maneno mawili tu, kwamba Taji ni zuri, atakuletea cherehani."

Tangu usichana wake Salme alitamani cherehani. Aliwaza mashuka atakayoshona, na sare za watoto wa chuo. Alilitazama bango tena. Kisha akarudi nyumbani.

Kesho yake, Anyango alimngoja bombani. Alikuwa akicheka kwa furaha.

"Mama Abdurahim! Leo nimekushika! Siri yako imeandikwa ukutani." Kisha akaacha kucheka. "Lakini niambie kweli. Ni hii maziwa ndiyo imemnonesha Abdurahim? Huyu wangu mimi naona haongezeki. Labda titi yangu pia haitoshi."

Foleni yote ilitega masikio. Salme aliliogopa jicho. Pia aliikumbuka cherehani.

"Si mmeona wenyewe ukutani?" alisema.

Hakusema ndiyo, hakusema la. Anyango akasikia ndiyo.

Jioni ile Anyango alinunua kopo la Taji, pamoja na chupa na chuchu ya mpira. Mshahara wa Phares ulikuwa mdogo. Kopo la kutosha wiki moja alilitumia wiki tatu. Penye vijiko vinne aliweka kimoja. Makaa yalipokwisha, alitumia maji ya debe bila kuyachemsha. Chupa aliisuuza tu, inzi wakiizunguka. Kezia aliposhiba maji, hakutaka tena titi. Na titi lisiponyonywa, maziwa hukauka.

Salme aliyaona haya yote. Milango yao ilitazamana. Aliyaona maziwa ndani ya chupa, mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Aliona shingo ya Kezia ikiwa nyembamba. Kila siku moyo wake ulimwambia, Vuka ujia, kamwambie. Kila siku akajibu, Kesho. Ninamhurumia Salme, lakini kwa jambo hili siwezi kumtetea.

Siku ya mkutano ikafika, Jumamosi. Salme alikuwa akipiga pasi nguo yake nzuri. Mkutano ulikuwa saa kumi alasiri. Saa nne asubuhi akasikia kilio kutoka chumba cha Anyango.

"Mama Abdurahim! Njoo! Mtoto hashiki shingo!"

Kezia alilala mapajani mwa mama yake. Alikuwa ameharisha tangu juzi. Macho yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Utosi ulikuwa umebonyea. Alilia bila machozi, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Salme hakungoja. Alimkabidhi Mahmud mtoto wake, akamchukua Kezia mikononi, wakakimbia. Walipita sokoni, wakavuka mfereji, Anyango akilia nyuma yake. Salme alihisi jinsi mtoto alivyokuwa mwepesi. Alimwomba Mungu njia nzima.

Nesi Benta alimtazama Kezia mara moja tu. Aliivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama.

"Mtoto huyu amekaukiwa na maji mwilini," alisema. "Kaeni hapa. Mama, shika kikombe hiki. Ni maji ya dawa, yana chumvi na sukari kwa kipimo. Mpe kijiko kimoja, ungoje kidogo, kisha kingine. Usiache, hata akitapika."

Anyango alianza.

"Anakula nini nyumbani?" aliuliza Benta.

"Maziwa ya Taji, Sista."

"Umeacha kumnyonyesha? Nani alikuambia umwachishe ziwa mtoto wa miezi sita?"

Anyango alinyoosha kidole kumwelekea Salme.

Chumba kilikuwa na akina mama wengine kumi. Wote waligeuka. Walimjua. Sura yake ilikuwa kwenye kila duka.

Salme aliona aibu. Akapiga magoti mbele ya Anyango.

"Mama Kezia, nisamehe. Sijampa Abdurahim maziwa hayo hata siku moja. Nilimnyonyesha. Nilimpa uji na mbaazi. Uliponiuliza, nilificha."

Anyango alimtazama. Kijiko kilisimama hewani.

"Wewe ulikuwa unaniona," alisema. "Kila siku unaona mtoto wangu anaisha. Ukanyamaza?"



"Mpe kijiko, mama," Benta alisema kwa sauti ya chini. "Ugomvi utangoja. Mtoto hawezi kungoja." Kisha akamgeukia Salme. "Maziwa ya kopo si sumu. Mtoto aliyefiwa na mama huenda akayahitaji. Lakini yanataka maji yaliyochemka, vyombo safi, na kipimo kamili. Ukipunguza unga, mtoto anakunywa njaa. Maji yakiwa machafu, anakunywa maradhi. Maziwa ya mama hayahitaji makaa wala kipimo. Je, hilo gari lao lilisema haya?"

"Halikusema."

"Ndiyo maana mtu akikutangazia kitu, muulize anafaidika nini wewe ukimwamini. Na muulize ameacha kusema nini."

Salme aliinuka. "Sista, leo zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Tafadhali njoo ukumbini saa kumi. Kuna karatasi nataka unisomee."

Saa kumi ukumbi ulijaa. Makopo ya buluu yalipangwa mezani, na cherehani mpya ilikuwa pembeni, imefungwa utepe mwekundu. Haidari alishika kipaza sauti.

"Na sasa, mnayemngoja! Bibi Salme!"

Salme alipanda jukwaani akiwa amevaa buibui. Mikono yake ilikuwa ndani, imeshika kitu. Mlangoni alimwona Mahmud amesimama na Abdurahim begani.

"Mimi naitwa Salme," alisema. "Maneno ya kwenye bango si yangu. Mwanangu hajanywa maziwa haya."

Ukumbi ulivuma. Haidari alimnyang'anya kipaza sauti.

"Bibi amechoka! Jua kali leo!" Alicheka, kisha akamwinamia Salme. Sauti yake ikabadilika. "Ulitia saini. Kampuni ina mawakili. Unajua jela wewe?"

Salme hakurudi nyuma. "Itoe hiyo karatasi. Sista Benta aisome kwa Kiswahili, watu wasikie."

"Itoe!" watu walipiga kelele. "Itoe!"

Haidari aliitoa. Kwa nini asiitoe? Aliamini ndiyo ngao yake. Benta alipanda, akaisoma polepole.

"Mimi, Salme binti Omari, nimemlea mwanangu kwa Maziwa ya Taji peke yake tangu alipozaliwa, wala sijampa chakula kingine. Nakubali picha yangu itumike."

"Na hii ni saini ya nani?" aliuliza Haidari.

"Yangu," alisema Salme.

"Kumbe mwongo ni wewe!" mwanamke mmoja alifoka kutoka nyuma. "Umekula chao, sasa unawakana!"

Kelele zilizidi. Lakini Salme alikumbuka uzito wa Kezia mikononi mwake, ule wepesi, akapata nguvu.

"Kusema nilisema uongo mmoja," alipaza sauti. "Nilisema najua kusoma Kizungu, na sijui. Niliona aibu. Huo ni wangu, nihukumuni. Lakini hili hapa ni kopo la kwenye picha. Lilikaa kabatini kwangu mpaka leo." Akalitoa ndani ya buibui, akaliinua juu. "Lifungueni wenyewe."

Hakuna aliyesogea. Kisha Mahmud akapita katikati ya watu. Alimpa Salme mtoto, akalichukua kopo. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Alibandua kifuniko kwa mpini wa kijiko cha mezani. Chini ya kifuniko palikuwa na karatasi nyembamba ya bati, nzima kabisa, inang'aa. Aliinamisha kopo ili watu wa mbele waione.

"Haijatoboka," alisema mzee mmoja.

"Tena sikilizeni," alisema Mahmud. "Mimi ni muuza duka. Katoni ya kwanza ya Taji ilifika kwangu baada ya Idi. Mwanangu alizaliwa mwaka jana. Alilelewaje kwa maziwa ambayo hayajafika? Nililijua hilo siku nilipobandika bango. Nilibandika hata hivyo, kwa sababu yalikuwa yananunuliwa. Leo binti wa jirani yangu yuko zahanati."

Haidari alifuta jasho.

"Lakini jamani, ni tangazo tu," alisema. "Matangazo yote ndivyo yalivyo."

"Kutangaza si kosa," Benta alimjibu. "Sema unauza nini. Sema ni kwa nani na hutengenezwaje. Usimtie mtu maneno mdomoni, na usimwambie mama kwamba titi lake halitoshi."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!" alipiga kelele yule mwanamke wa nyuma, yule yule aliyefoka. Watu walicheka, lakini kicheko hakikuwa cha utani. Walianza kutoka. Haidari alibaki na makopo yake na cherehani yenye utepe.

Salme alirudi zahanati moja kwa moja. Anyango alikuwa bado na kikombe na kijiko. Hakuinua macho.

"Amekojoa," alisema. "Sista anasema maji yamerudi mwilini."

Salme alikaa chini sakafuni, akalia.

Kezia alilazwa siku nne. Benta alimfundisha Anyango kumweka mtoto kwenye titi mara nyingi, mchana na usiku, hata kama maziwa hayatoki. Siku ya tano yalianza kutoka matone. Baada ya wiki mbili yalitosha, na uji mwepesi wa wimbi ukaongezwa kwa kikombe na kijiko. Chupa ilitupwa.

Waliporudi nyumbani, Anyango hakumsemesha Salme kwa siku tisa. Kila jioni Salme aliacha makaa na maji yaliyochemshwa mlangoni pake, akaondoka bila kubisha. Siku ya kumi Anyango alileta debe lake bombani, akaliweka nyuma ya la Salme.

"Makaa yako yana moshi," alisema.

"Nitabadilisha," alisema Salme. Hawakusema zaidi siku ile.

Gari la matangazo halikurudi Majengo. Mahmud alikwangua bango mlangoni kwa kisu. Mteja akitaka maziwa ya kopo, Mahmud humuuliza kwanza mtoto ana miezi mingapi na kama mama ananyonyesha. Wengine huondoka bila kununua. Lakini wanarudi kununua sukari na wimbi, kwa sababu wanamwamini. Salme hakuipata cherehani. Alijiandikisha darasa la watu wazima ukumbini, na sasa husoma kila karatasi kwa kidole, neno kwa neno, hata ya kufungia chumvi.

Asubuhi moja mwezi wa tisa alikuja mama mgeni kutoka Shauri Moyo, na mtoto mchanga mgongoni. Alimwona Kezia akitafuna ncha ya leso ya mama yake, mashavu yamejaa.

"Huyu mtoto unampa nini?" aliuliza.

Anyango alimtazama Salme. Foleni yote ikamtazama Salme.

"Titi kwanza," Salme alisema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni. "Mpaka miezi sita, titi. Kisha uongeze uji wa wimbi, ndizi, na mbaazi zilizochujwa. Maji yachemke. Tumia kikombe na kijiko, si chupa. Wangu nilimlea hivyo hivyo."

"Dada, unataja hivyo mbele ya watu?" mgeni alishangaa. "Huogopi jicho?"

"Naogopa," Salme alisema. "Lakini siku ile zahanati niliogopa zaidi. Wewe sema mashallah, kisha uende ukampe mwanao."

"Mashallah," alisema mgeni.

Anyango alimsogeza Kezia kiuno cha pili, akainama, akainua debe la Salme, akamtwika.